Gari ya LPG ikisumbua huku Mbeya na Iringa: anza na maji na plagi, kompyuta baadae

Wakuu habari za saa hizi. Probox yangu (injini 1NZ, ile ile iliyoko kwenye IST) inatembea na gesi ya LPG mwaka wa nne huu, ruti zangu ni Mbeya mjini, Tukuyu, Tunduma, mara moja moja napanda Njombe mpaka Iringa, na msimu wa baridi ukifika simu haziishi, mtu anapiga saa 12 asubuhi anasema bro gari haitaki kwenda gesi, mwingine inazima akikanyaga breki, mwingine ananuka gesi mpaka watoto wanakataa kupanda. Nimeona niandike vyote sehemu moja. Gari nyingi za huku mfumo ulifungiwa Dar kwenye joto la pwani, afu gari ikaletwa kwenye baridi na milima, na fundi akiletewa anakimbilia kuchomeka laptop wakati tatizo ni maji ya rejeta.

Kwanza tusichanganye vitu. LPG sio ile CNG ya bajaji na teksi za Dar. CNG ni gesi asilia, ile ya Songosongo na Mnazi Bay, inakaa kwenye mtungi mnene kwa presha ya bar 200 hivi. LPG ni propani na butani, ndugu wa gesi ya kupikia, ndani ya tenki inakaa kama maji na presha yake ni ndogo sana ukilinganisha, propani kwenye joto la digrii 20 ni kama bar 7 na butani ni kama bar 1 tu. Tenki, mipira, redyusa (kile kifaa kinachoshusha presha na kugeuza gesi ya maji kuwa hewa), vyote ni tofauti, haviazimani. Kuna jamaa aliuziwa redyusa ya CNG akaambiwa itakaa tu, haikai, usikubali.

Njia ya gesi ukiielewa umeshamaliza nusu ya kazi. Gesi ya maji inatoka kwenye tenki (mara nyingi lile la duara linalokaa sehemu ya spea taili), inapita kwenye valvu ya tenki yenye swichi ya umeme, inafuata bomba chini ya gari mpaka kwenye injini, inapita valvu nyingine ya umeme yenye filta ndogo, inaingia kwenye redyusa. Humo ndo inageuka kutoka maji kuwa hewa, alafu inapita filta ya pili, inaingia kwenye reli ya injekta za gesi na kila silinda inapata fungu lake. Gari inawaka na petroli, maji ya injini yakishika joto, mara nyingi inasetiwa digrii 30 mpaka 40, ndo inahamia gesi yenyewe. Hizo ndo za kisasa. Za zamani zenye miksa (hazina injekta za gesi, gesi inachanganywa na hewa inayoingia injini) nitazigusa huko chini kidogo.

Kwenye petroli ikoje?

Hili ndo swali la kwanza na watu wanaliruka. Bonyeza swichi urudishe petroli, tembea siku nzima, sio dakika tano pale nje ya gereji, siku nzima na mlima wake na mteremko wake. Kama ugonjwa upo hata kwenye petroli basi achana na gesi kabisa, shughulika na injini: plagi, filta ya hewa, throto chafu, mpira wa hewa uliopasuka. Kama kwenye petroli ni nzima na kwenye gesi inaumwa, bado usiseme ni gesi, maana LPG inataka cheche yenye nguvu kuliko petroli. Koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) iliyoanza kuchoka petroli inaivumilia, gesi haivumilii. Kwa hiyo gari inaweza kuwa tamu kabisa kwenye petroli na inamiss (silinda inaruka bila kuchoma) kwenye gesi na mgonjwa ni plagi. Nitarudi hapo kwenye milima.

Maji, maji, maji

Umeshaona nyumbani mtungi wa gesi ukipikia maharage kwa moto mkubwa muda mrefu, chini unatoa jasho na ukiugusa ni wa baridi? Gesi ikitoka kwenye hali ya maji kuwa hewa inanyonya joto. Kwenye gari inanyonya zaidi maana injini inakula nyingi kwa haraka, na hilo joto inalipata kwenye maji ya injini yanayozunguka ndani ya redyusa. Maji yakipungua, au yakiwa na hewa ndani, au yakiwa ya baridi, redyusa inaganda. Inatoka unga mweupe wa barafu nje kabisa, unaonekana kwa macho.

Yalinikuta mwezi wa 6, nimetoka Uyole saa 11 alfajiri napanda Isyonje kufata viazi. Siku mbili kabla nilikuwa nimebadilishiwa mpira wa rejeta kwenye gereji moja ya mtaani, wakajaza maji, wakafunga mfuniko, wakaniambia tayari. Hawakutoa hewa. Gari ikahamia gesi vizuri tu maeneo ya Igawilo, nikaanza kupanda, mzigo hamna lakini gari inavuta kama nimebeba tani mbili, ikaanza kukohoa, ikanuka gesi, ikazima. Nafungua boneti na tochi ya simu, redyusa nyeupe pee. Mpira mmoja wa maji unaunguza mkono mwingine wa baridi kama jiwe la mtoni. Nilirudi na petroli, na baadae nikabadilisha ule mpira mwembamba wa ndani ya redyusa kwa sababu gesi ya maji ilikuwa imepita mpaka kwenye injekta na ile baridi iliupasua. Gharama yote hiyo kwa sababu ya hewa kwenye maji.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza hakitaki mashine. Washa gari, iache dakika kumi, shika mipira miwili midogo ya maji inayoingia na kutoka kwenye redyusa. Yote miwili inatakiwa iwe ya moto. Mmoja wa moto mmoja wa baridi, maji hayazunguki: kuna hewa, au pameziba kutu, au mpira umejikunja. Yote ya baridi wakati geji inaonyesha injini ina joto, maji hayafiki kabisa. Kipimo cha pili washa hita ya ndani ya gari, weka joto mwisho. Redyusa nyingi zimechukua maji kwenye mipira ya hita, kwa hiyo hita ikipuliza baridi ujue na redyusa ina njaa. Na hapa gari za kutoka Dar zina shida yake, kule hita hawaitumii, ikivuja fundi anaiunganisha juu kwa juu au anaifunga kabisa, gari ikifika Makambako mwezi wa 7 ndo unagundua hamna hita na redyusa imeungwa sehemu ambayo maji hayapiti kwa nguvu.

Cheki pia redyusa imefungwa wapi. Ikiwa juu kuliko rejeta, maji yakipungua hata lita moja yenyewe ndo ya kwanza kukauka, na geji ya joto haitakwambia kitu. Kama inawezekana ishushwe. Kutoa hewa ni hivi: injini ikiwa BARIDI, paki gari pua ikitazama juu (milima tunayo, hilo halitusumbui), fungua mfuniko wa rejeta, weka hita kwenye moto, washa gari, ongeza maji taratibu huku ukiminya minya ile mipira kwa mkono, mapovu yatatoka, yakiisha na mipira yote ikawa ya moto funga. Injini ikishapata moto usifungue huo mfuniko hata kwa kitambaa, maji yanaruka usoni. Na mfuniko wenyewe uwe mzima, huku tuko juu, Mbeya ni kama mita 1,700, maji yasiyobanwa yanachemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100, mfuniko mbovu unapoteza maji kidogo kidogo bila wewe kujua.

Tumia kulanti (maji maalum ya rejeta), sio maji ya bomba. Maji matupu yanaleta kutu inayoziba vinjia vya redyusa, na baridi ya ile gesi inaweza kuyagandisha humo ndani.

Ikikugandia njiani usimwagie maji yanayochemka na usiwashe moto chini yake, naomba sana hilo. Hamia petroli, acha gari ingurume, itayeyuka yenyewe. Maji ya uvuguvugu taratibu sawa.

Thamostati iliyotolewa

Hili linaniuma kweli. Mafundi wengi gari ikichemsha kidogo dawa yao ni kutoa thamostati na kuitupa. Dar labda utaishi nayo. Huku, asubuhi ya digrii 6 au 7, injini isiyo na thamostati haipati joto lake, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, unatoka Mwanjelwa mpaka Mbalizi geji bado iko chini. Matokeo yake gari inachelewa sana kwenda gesi au haiendi kabisa, ikienda redyusa inapoa kwenye mteremko, inarudi petroli, inaenda gesi, inarudi petroli. Afu kontrol boksi ya injini inaamini injini bado ya baridi inaongeza mafuta, unakunywa petroli na gesi kwa pamoja. Watu wanakuja wanasema mfumo wa gesi mbovu, nawaambia tufungue kwanza tuone thamostati ipo? Mara nyingi haipo. Weka inayofanana na ya injini yako, kwa hizi 1NZ inaanza kufunguka kwenye digrii 82 hivi, na kama gari inachemsha tafuta kwa nini inachemsha (feni, rejeta imeziba, pampu ya maji), usiondoe kitu ambacho gari ilizaliwa nacho.

Haiendi gesi kabisa

Mipira ya maji ni ya moto, thamostati ipo, na bado haihami? Angalia swichi. Taa haiwaki kabisa, fyuzi ya mfumo wa gesi, iko karibu na betri kwenye waya mwekundu, ama waya wa eathi umeoza. Taa inapepesa muda wote bila kuhama, mara nyingi inasubiri joto, basi sensa ya joto kwenye redyusa inaweza kuwa imekufa au plagi ya waya wake imeingia maji, masika huku mvua haichezi kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4. Chomoa, kausha, safisha, rudisha.

Taa inaonyesha imehama ila gari inazima au inarudi petroli ndani ya sekunde chache: gesi haifiki. Fungua buti kwanza, kile kikoki cha mkono kwenye valvu ya tenki kinaweza kuwa kimefungwa, nimeshakuta zaidi ya mara moja, gari imetoka kupakwa rangi au kuchomelewa na fundi kwa usalama alikifunga (na alifanya vizuri) ila hakusema. Ukikifungua kifungue taratibu. Ukikifungua kwa pupa kuna kidude cha usalama ndani kinachozuia gesi isitoke kwa kasi, kinajifunga kikidhani bomba limekatika, utaona gari inaenda vizuri kwenye sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta) ila ukikanyaga inakufa. Dawa funga kikoki, subiri dakika chache, fungua pole pole.

Alafu zile valvu mbili za umeme. Mtu mmoja abonyeze swichi mwingine asikilize, inatakiwa ilie "tik" nyuma na "tik" mbele. Hailii, shika bisibisi ncha yake karibu na nati ya koili ya valvu, kama umeme upo utahisi sumaku inavuta. Hamna sumaku, hamna umeme au koili imekufa. Sumaku ipo na gesi haipiti, filta imeziba.

Inarudi petroli yenyewe na kulia pii pii

Hiyo maana yake mfumo umeona presha imeshuka. Gesi imeisha, hilo la kwanza, na usiamini sana taa za geji kwenye swichi, nyingi zinadanganya, mimi nahesabu kilomita tangu nilipojaza. Gesi ipo na bado inafanya hivyo ukikanyaga? Filta. Hiyo ndogo ya gesi ya maji badilisha kila kilomita 20,000 au 30,000, ya gesi ya hewa kila 10,000 mpaka 15,000, na ukijaza sehemu usiyoijua wahi zaidi. Ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na reli ya injekta.

Asubuhi tu inasumbua mchana ni nzima? Gesi yako ina butani nyingi. Propani inachemka kwenye digrii 42 chini ya sifuri, butani inachemka karibu na sifuri kabisa, kwa hiyo kwenye baridi kama ya Kitulo au Makete ambako asubuhi unakuta barafu juu ya majani, butani inalala tu kwenye tenki haina presha ya kusukuma. Kwa huko ulizia mchanganyiko wenye propani zaidi, na ukikosa tembea petroli mpaka jua litoke.

Redyusa nayo inakusanya uchafu mzito kama mafuta meusi yanayonuka. Nyingi zina nati ya chini ya kumwagia. Funga kikoki cha tenki, acha gari itumie gesi iliyobaki mpaka izime, injini ikiwa na uvuguvugu fungua mwaga kwenye kopo, sehemu ya wazi, hamna anayevuta sigara karibu. Uchafu huo huo ukifika kwenye injekta ndo gari inatetemeka kwenye sailensi asubuhi afu ikipata moto inatulia.

Milimani inamiss

Mlima Nyoka, Kitonga, kupanda kutoka Iwambi, hapo ndo plagi na koili zinasema ukweli. Gari inapiga miguno, chek injini inapepesa, ukirudisha petroli inatulia. Fungua plagi. Kwenye gesi mimi naweka mwanya wa milimita 0.7 mpaka 0.8, sio ile 1.1 iliyokuja nayo, cheche inaruka kirahisi. Na nazibadilisha mapema kuliko mwenye petroli. Hizi Toyota zina koili moja kwa kila silinda, kwa hiyo kuikamata ni rahisi: mashine ya kusoma makosa ikikuambia P0302 yaani silinda ya pili, hamisha koili ya pili upeleke ya tatu, futa hiyo namba ya kosa, panda mlima. Ikija P0303 ni koili. Ikibaki P0302 fanya hivyo hivyo na plagi. Ikibaki tena, sasa ndo uitazame injekta ya gesi ya silinda hiyo na kampresheni yake (mgandamizo wa ndani ya silinda). Hujalipa mtu hata shilingi mpaka hapo.

Ila pia kuwa mkweli na mwinuko. Injini isiyo na taabo inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo Mbeya ushapoteza kama asilimia 17 ukilinganisha na Dar, iwe petroli iwe gesi. Mtu anafika hapa mara ya kwanza anasema gesi imeua nguvu, sio gesi, ni hewa nyepesi. Linganisha petroli na gesi kwenye mlima ule ule, ndo utajua.

Zile za miksa za zamani zenyewe mwinuko unazigusa kweli, maana zimesetiwa Dar kwenye hewa nzito, zikija huku gesi inazidi hewa, zinakula, zinatetemeka, ekzozi inanuka. Punguza skrubu ya gesi robo robo ya mzunguko injini ikiwa ya moto. Na hizo cheche mbovu ni hatari zaidi, zinarudisha moto kwenye mpira wa hewa na kupasua boksi la filta, puuu, usiendelee kuiendesha hivyo.

Inakula sana

Tegemea lita 15 mpaka 25 zaidi kwa kila mia ulizokuwa unatumia za petroli. Hiyo ni kawaida, lita ya LPG ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli, unachookoa ni bei. Ikizidi hapo tafuta kuvuja, thamostati, breki zinazobana, upepo wa tairi, sensa ya oksijeni. Na hapa sasa ndo laptop ina kazi. Fundi wa gesi aangalie muda wa kufunguka wa injekta za petroli gari ikiwa petroli, afu gari ikiwa gesi kwenye resi ile ile, ziwe karibu sawa. Zikiachana sana, setingi imekosewa au nozeli sio saizi ya injini. Chek injini ikija P0171 gesi ni kidogo, P0172 ni nyingi. Asikubadilishie setingi kabla ya filta na plagi kuwa sawa, maana atakuwa anasetia gari juu ya ugonjwa, ukiponya ugonjwa setingi nayo inaharibika.

Harufu

Hapa sitanii na mtu. LPG imewekewa dawa ya kunuka makusudi ili ujue, ukiinusa paki sehemu ya wazi, zima, fungua milango yote, funga kikoki cha tenki, kaa mbali, simu na sigara mbali. Hii gesi ni nzito kuliko hewa, haipandi juu kama moshi, inashuka chini inatuama kama maji kwenye bonde. Kwa hiyo gari inayonuka USIIPAKI juu ya shimo la gereji, na usiiingize kwenye banda ambalo vijana wanaota jiko la mkaa, na huku Njombe na Mafinga kila gereji asubuhi ina jiko. Nimemwona fundi anatafuta panapovuja kwa kiberiti. Jamani. Chukua maji na sabuni ya unga, sponji, paka kwenye kila kiungo, povu likivimba ndo hapo.

Anza na valvu ya tenki, afu viungo vya bomba la chini, barabara za huku mawe yanaligonga, afu redyusa. Pale kwenye tenki la ndani ya buti kuna kiboksi kinachoziba valvu na mipira miwili inayotoka nje chini ya gari, kazi yake gesi ikivuja itoke nje isiingie ndani. Ukitoka Ileje au Makete kwenye tope izibue, tope linaziba kabisa. Ukinusa gesi unapofungua mfuniko wa rejeta, au maji yana mapovu, mpira wa ndani wa redyusa umepasuka na gesi inaingia kwenye maji, ingawa gasketi ya silinda hedi nayo inaleta mapovu, kwa hiyo rudisha petroli siku mbili, mapovu yakiisha ni redyusa.

Na kujaza kutoka kwenye mtungi wa kupikia kwa kuugeuza kichwa chini, acheni. Pampu ya kituo na valvu ya tenki zinakata kwenye asilimia 80, nafasi iliyobaki ni ya gesi kutanuka. Unajaza Mbeya kwenye baridi ya asubuhi, saa 5 uko Kyela kwenye joto, ile gesi ya maji imetanuka ndani ya tenki. Mwenye mtungi anajaza kwa makisio, hewani, bila kipimo, nyuma ya nyumba ambako mama anapika. Valvu yako ya tenki ikiwa haikati kwenye 80, hiyo ni ya kubadilisha leo.

Petroli na valvu za injini

Usiiache gari bila petroli ukisema mimi ni wa gesi. Pampu ya petroli inapozwa na petroli yenyewe ndani ya tenki, na kwenye mifumo mingi inazunguka hata ukiwa gesi. Acha robo tenki muda wote, na kila wiki tembea kilomita 20 au 30 na petroli injekta zisigande na petroli isichache.

Valvu ndo za mwisho na ni za taratibu. Gesi ni kavu, viti vya valvu kwenye baadhi ya injini za Kijapani vinaliwa pole pole, valvu inazama, mwanya unapungua, mpaka siku moja asubuhi inatetemeka kwa baridi na kampresheni imeshuka. Inadanganya watu kwa sababu haipigi kelele, mwanya ukipungua injini inakuwa kimya zaidi. Hizi 1NZ hazijirekebishi zenyewe, mwanya wake injini ikiwa ya baridi ni milimita 0.15 mpaka 0.25 za kuingiza na 0.25 mpaka 0.35 za ekzozi. Mimi napima kila kilomita 40,000 hivi na naandika namba kwenye daftari linalokaa kwenye dashibodi, silinda kwa silinda. Mara ya mwisho ekzozi ya silinda ya tatu ilikuwa 0.24, wenzake wote wako kwenye 0.30, basi ile kopo ya valvu hiyo (kikofia kinachokaa juu yake) nikabadilishiwa nyembamba zaidi kwa fundi wa hedi, kazi ya nusu siku, na gari Ijumaa hiyo hiyo ilipanda Isyonje.